Kukata utepe: mwongozo wa kuutumia msemo huu bila kumpoteza msomaji

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuandaa jarida dogo la shule moja ya msingi huku kwetu Sebei, mashariki mwa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Siku ya michezo ilikuwa na mambo mawili makubwa: asubuhi mgeni rasmi alifungua madarasa mawili mapya, na alasiri wanafunzi wakashindana katika riadha. Chini ya picha ya mgeni huyo niliandika, "Mheshimiwa akata utepe katika siku ya michezo." Jarida lilipotoka, mzee mmoja mwenye mjukuu shuleni hapo alinisimamisha njiani, tukasalimiana vizuri, kisha akaniuliza: "Mwalimu, samahani, yule mheshimiwa alikimbia mita ngapi?"

Nilicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Katika Kiswahili, anayekata utepe huenda ni mkimbiaji aliyefika wa kwanza, na huenda ni kiongozi aliyesimama mbele ya jengo akiwa na mkasi. Mmoja anamaliza na mwingine anaanzisha. Msemo mmoja unabeba maana mbili zinazokaribia kupingana, na juu yake umepanda matumizi ya kitamathali katika siasa, biashara na masomo. Mwongozo huu unawahusu wale wanaouandika: walimu, watangazaji, wanaoandaa hotuba na hata wanafunzi wanaotunga insha.

Hatua ya kwanza ni kuutazama utepe wenyewe kabla ya kuutumia kama picha ya jambo jingine. Katika viwanja vya shule zetu, utepe wa mbio mara nyingi si utepe wa dukani bali ni uzi wa kufumia sweta. Walimu wawili wanausimamia, kila mmoja kwenye ukingo wake wa njia, wakiuinua hadi usawa wa kifua cha mtoto. Hawaufungi popote, wanaushika kwa ncha za vidole ili usimkate anayekuja kwa kasi. Mtoto akifika, uzi unamkaa kifuani, unawaponyoka walimu, naye anaondoka nao ukipepea pande zote mbili hadi anaposimama chini ya mti akihema. Mara nyingi uzi haukatiki kabisa.

Kwa nini basi tunasema amekata, ilhali hakuna mkasi wala kisu? Kwa sababu neno kukata katika Kiswahili halihitaji makali. Mtu hukata shauri, hukata kiu, hukata tamaa, hukata rufaa, na mwisho wa yote hukata roho. Katika misemo hiyo mingi kuna jambo lililokuwa likining'inia ambalo sasa limeamuliwa. Hiyo ndiyo maana iliyomo katika utepe wa mbio: kabla haujakatwa, yeyote kati ya wanaokimbia anaweza kushinda, na baada ya kukatwa hakuna mjadala. Mwandishi anayeishika maana hii hatapata shida sana na hatua zinazofuata.

Kifua nacho kina umuhimu wake. Kwa kanuni za riadha za kimataifa, mkimbiaji anahesabiwa kuwa amefika pale kiwiliwili chake kinapofikia ukingo wa karibu wa mstari wa mwisho, mstari ambao upana wake ni sentimita 5. Kichwa hakihesabiwi, wala shingo, wala mkono, wala mguu. Katika fainali ya Olimpiki ya mita 100 ya wanaume mjini Paris mwaka 2024, Noah Lyles wa Marekani na Kishane Thompson wa Jamaika walipewa muda uleule wa sekunde 9.79, na ilibidi picha isomwe hadi sehemu ya elfu ya sekunde, yaani 9.784 dhidi ya 9.789, ndipo Lyles akatangazwa mshindi. Hapakuwa na utepe uliokatwa pale. Katika mbio za uwanjani za siku hizi kamera ndiyo huamua, na utepe umebaki zaidi katika marathoni na mbio za barabarani, ambako unashikwa kwa ajili ya sherehe na picha. Kwa hiyo mtangazaji anaposema kwamba mkimbiaji wetu wa Uganda, Joshua Cheptegei, alikata utepe wa mita 10,000 mjini Paris kwa dakika 26 na sekunde 43.14, tayari ametumia lugha ya picha, hata kama yeye mwenyewe anadhani anasema jambo lilivyokuwa. Hakosei. Ninalitaja ili uone kwamba msemo huu ulianza kuuacha uwanja zamani, na kwamba ukiupeleka kwenye siasa au biashara hufanyi jambo geni.

Hatua ya pili ni kuamua ni utepe upi, kisha kumwonyesha msomaji ndani ya sentensi ileile. Usimwachie kazi ya kusubiri aya inayofuata. Ukiwa na maana ya mbio, taja mbio zenyewe au umbali: "alikata utepe wa mita 1,500", "alikata utepe akiwa amewaacha wenzake kwa hatua 20". Ukiwa na maana ya ufunguzi, taja kinachofunguliwa: "alikata utepe kuashiria kufunguliwa kwa zahanati". Na pale habari moja inapobeba yote mawili, kama ilivyokuwa katika jarida langu, ushauri wangu ni kuwaachia wakimbiaji utepe na kumpa mgeni rasmi vitenzi vingine, kwani kuzindua na kufungua rasmi vipo na havigombaniwi na mtu. Wako watakaosema kwamba kiongozi ataona amepunjwa akinyimwa utepe wake. Sijawahi kumwona aliyelalamika.

Hatua ya tatu ni fupi. Utepe hukatwa na mtu mmoja. Wa pili anaukuta umeshaanguka chini au umeshaondolewa, na wa thelathini hata haujui ulikuwa wa rangi gani. Utakutana mara nyingi na sentensi kama "alikata utepe katika nafasi ya tatu", na ni kweli kwamba msomaji huelewa, lakini sentensi hiyo imeuondolea msemo nguvu yake yote. Aliyefika wa tatu amevuka mstari, au amemaliza wa tatu, na wa mwisho kabisa tunasema ameshika mkia. Mshindi ndiye aliyekata utepe.

Hatua ya nne ndiyo yenye mambo mengi, kwa kuwa hapa tunautoa msemo uwanjani. Kabla ya kusema kwamba mtu amekata utepe katika jambo lisilo mbio, jiulize kama kulikuwa na wapinzani, kama wote walielekea mahali pamoja, na kama mwisho wake unajulikana kwa kipimo ambacho hakuna anayeweza kukikana. Likikosekana moja kati ya hayo, tafuta neno jingine. Mwanafunzi aliyemaliza shahada yake Makerere amehitimu. Hakukata utepe, kwa sababu wenzake mamia wamehitimu siku hiyohiyo na hakuna aliyekuwa akishindana naye. Lakini ikiwa wanafunzi wa vyuo kadhaa waliwania ufadhili wa nafasi moja tu, na mmoja akaupata, yeye amekata utepe kwelikweli. Mkulima wa kahawa aliyevuna vizuri amevuna vizuri. Mkulima ambaye kahawa yake imewekwa ya kwanza mbele ya waonjaji katika mashindano, huyo mpe utepe.

Kuna mtego mmoja ambao nimeuona ukiwanasa hata waandishi wazoefu, nao ni zabuni. Tuseme kampuni tatu zimeomba kujenga barabara na moja ikapewa kazi. Mwandishi anaandika: "Kampuni hiyo imekata utepe wa barabara." Masharti yote niliyotaja yametimia, kwani wapinzani walikuwapo, lengo lilikuwa moja na uamuzi umetolewa. Hata hivyo msomaji ataelewa kwamba barabara imekamilika na inafunguliwa, wakati hata katapila halijafika. Mahali popote penye jengo, daraja, barabara, kisima au soko, maana ya mkasi itaishinda maana ya mbio, hata ungeandika kwa ustadi wa namna gani. Hapo sema kampuni imeshinda zabuni, au imeibuka kidedea, na uuache utepe usubiri siku yake.

Hatua ya tano inahusu wakati. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na sisi Waganda tuna mfano wa methali hiyo ambao haumtoki kichwani yeyote aliyekuwa Kololo tarehe 26 Machi 2017. Siku hiyo Kampala iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Katika mbio za wanaume za kilomita 10, Cheptegei, akiwa bado kijana, aliwatoka wenzake na kuingia mzunguko wa mwisho akiwa peke yake mbele, huku uwanja mzima ukipiga kelele kama vile medali imeshavishwa shingoni. Kisha miguu ikamgomea. Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita, wakafuata wengine mmoja baada ya mwingine, na kijana wetu akavuka mstari akiwa wa 30. Mtangazaji ambaye dakika chache kabla ya hapo alikuwa amesema "Uganda imekata utepe" asingekuwa na pa kujificha.

Kwa hiyo angalia kitenzi chako. "Amekata utepe" ni kauli ya jambo lililokwisha. Jambo likiwa bado, Kiswahili kina maneno ya kutosha: anaukaribia utepe, anaunusa, ameingia katika lala salama. Msemo huu wa lala salama, ambao wapenzi wa soka wanautumia kwa dakika za mwisho za mchezo na wanasiasa kwa siku za mwisho za kampeni, unafaa sana kwa sababu unataja kipindi cha kumalizia bila kumtangaza mshindi.

Katika habari za uchaguzi hatua hii si suala la urembo wa lugha tu. Katiba ya Uganda inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya asilimia 50 ya kura halali, na inaitaka Tume ya Uchaguzi itangaze matokeo ndani ya saa 48 baada ya upigaji kura kufungwa. Katika saa hizo kura zinahesabiwa, wagombea wanapandishwa na kushushwa na matokeo ya vituo, na simu za watu zinajaa madai ya kila namna. Kumwandikia mgombea kwamba amekata utepe kwa sababu anaongoza katika vituo vilivyokwisha kuhesabiwa ni kumtangaza mshindi kabla ya mwenye mamlaka ya kutangaza. Andika kwamba anaongoza. Neno hilo ni jembamba kidogo masikioni, lakini ni la kweli.

Kuna pia kisa cha upande wa pili, cha mtu aliyedhani amekata utepe kumbe bado. Desemba mwaka 2012, katika mbio za nyika huko Burlada, kaskazini mwa Hispania, Mkenya Abel Mutai aliyekuwa akiongoza alipunguza mwendo mita chache kabla ya mstari, akiamini amemaliza. Aliyekuwa nyuma yake, Mhispania Iván Fernández Anaya, angeweza kumpita bila jasho. Badala yake alibaki nyuma, akamwelekeza Mutai asonge mbele hadi mstarini, naye akamaliza wa pili. Ukitaka kumweleza mtu aliyeacha kazi ikiwa imebaki chembe, akidhani imekwisha, kisa hiki kinakupa picha nzuri: "alisimama kabla ya utepe". Ni maneno machache na hayahitaji maelezo.

Hatua ya sita inawahusu wanaotafsiri kutoka Kiingereza, nao kwetu Uganda ni wengi, kwa kuwa habari nyingi hutufikia kwa lugha hiyo kabla ya Kiswahili. Waingereza na Wamarekani wana msemo unaotaja waya, "down to the wire". Asili yake ni mbio za farasi za Marekani, ambako waya ulivutwa juu ya njia mahali pa kumalizia ili waamuzi waone farasi yupi ametangulia. Jambo likienda hadi kwenye waya, maana yake halikuamuliwa mpaka sekunde ya mwisho. Nimewahi kusoma tafsiri iliyosema kwamba mazungumzo ya mshahara "yalikwenda hadi kwenye waya", nikawaza juu ya nguzo za umeme. Kwa msomaji wa Kiswahili waya ni wa umeme, wa seng'enge au wa kuanikia nguo, na hakuna farasi hata mmoja anayemjia akilini.

Wala usikimbilie kuuweka utepe mahali pa waya kila unapouona, kwa sababu misemo hii miwili hailingani sawasawa. Waya wa Kiingereza unasisitiza mashaka ya kabla ya mwisho, ilhali utepe wetu unasisitiza uamuzi wenyewe. Ukitaka mashaka, tumia maneno yanayoonyesha ukaribu wa washindani: walikwenda sako kwa bako, walifuatana unyounyo, walikuwa bega kwa bega hadi utepeni. Sentensi ya mshahara ingekaa vizuri hivi: "Pande mbili zilivutana hadi dakika ya mwisho, na makubaliano yakapatikana usiku muda ukiwa umekaribia kwisha." Utepe haumo humo, na hauhitajiki, kwa sababu katika mazungumzo yaliyoishia kwa makubaliano hakuna aliyeshinda peke yake.

Waya wa Kiingereza una pia ile maana ya kuwahi kwa taabu, kama mtu anayepeleka fomu ofisini dakika tano kabla ya dirisha kufungwa. Huyo amewahi kwa chupuchupu. Hapo hakuna utepe kabisa.

Usiuchanganye msemo huu na methali ya mbio za sakafuni kuishia ukingoni, ingawa zote zinataja mbio na mahali pa mwisho. Sakafu inayotajwa katika methali ni ile ya juu ya nyumba za kale za pwani, paa tambarare ambalo mtu angeweza kutembea juu yake, na ukingo ni pale paa linapokoma. Anayekimbia hapo hashindani na yeyote. Anajitapa tu, na mwisho wake ni kusimama au kuanguka. Methali hiyo ni onyo, na ukimpa mtu unayemsifu kwa ushindi utakuwa umemtukana pasipo kukusudia. Nikiruhusiwa kutoka kidogo njiani, huwa nafurahi kukumbuka kwamba miaka miwili baada ya Kololo, tarehe 30 Machi 2019, Cheptegei alishinda mashindano yaleyale ya nyika huko Aarhus, Denmark, katika njia iliyopita juu ya paa la jumba la makumbusho lililooteshwa nyasi. Mbio zake za sakafuni hazikuishia ukingoni.

Ukishaandika sentensi yako, isomee mtu ambaye hakuwapo kwenye tukio. Usimweleze chochote kabla, na usimsaidie kwa sauti wala kwa mikono. Muulize aliyekata utepe alikuwa na nini: mkasi au namba kifuani? Akisita, sentensi haijakamilika. Katika maana ya kitamathali muulize swali jingine: nani alishindwa? Asipoweza kumtaja hata mmoja, huenda hapakuwa na mbio, na msemo umeingizwa kwa ajili ya kupamba tu. Mtihani huu huchukua dakika moja, na mimi huufanya zaidi kwa watu wazima ambao hawana haraka ya kunifurahisha.

Ndivyo nilivyofanya na toleo lililofuata la jarida letu. Niliomba radhi kwa maelezo ya picha ya awali, kisha nikaandika mistari miwili mahali pa ule mmoja: "Mheshimiwa afungua madarasa mawili. Msichana wa darasa la sita akata utepe wa mita 1,500, awaacha wavulana wawili nyuma." Nilimpelekea yule mzee nakala nyumbani kwake kabla ya nyingine kugawiwa. Aliisoma akiwa ameisogeza mbali na macho, akatikisa kichwa kukubali, akairudia mara ya pili.

"Sasa imeeleweka, Mwalimu," akasema. "Lakini huyo binti ni wa nyumba ya nani?"